Unga wa Radi na Kulukulu wa Nkoaranga

Ninyi watatu wa baraza ya Ngamiani mmeniuliza habari za bara mara nyingi, na kila nikianza kusimulia mnanikatiza. Wa kwanza anasema "punguza", wa pili anasema "punguza tena", wa tatu anainuka kwenda kutafuta kahawa. Basi nimekaa kitako nimeandika. Karatasi haikatizi mtu. Na cheti changu cha kusoma na kuandika cha darasa la jioni, kile mlichokicheka kwa sababu nilikitia fremu, leo kimepata kazi.

Nilivyotoka mnajua. Bwana Menezi, Mgoa mwenye duka la picha ninakoosha vioo, aliletewa barua na Mjerumani mmoja anayekusanya ndege huko Arusha. Alitaka picha ya kulukulu, yule ndege wa kijani mwenye mabawa mekundu, akiwa msituni kwenye kiota chake. Bwana Menezi ana kifua, hawezi milima. Akanitazama mimi na ndoo yangu.

"Hamisi, nenda wewe," akasema. "Niletee ndege mmoja, hai, anayeonekana jicho. Tangu siku hiyo utasimama nyuma ya kamera, utapiga picha wewe. Ukirudi bila ndege, utaosha vioo vyangu mpaka ndevu zako ziingie ndooni."

Miaka minne nimeosha vioo. Nimeziona sura za Tanga nzima zikiwa kichwa chini, peusi pamekuwa peupe na peupe pamekuwa peusi, wala hata moja sikuipiga mimi. Kwa hiyo mjue nilikwenda kutafuta nini.

Tanga hadi Buiko

Kwenye gari la moshi nilikuwa na kamera ya mbao, miguu yake mitatu, kitambaa cheusi, vioo vinne vya kupigia, maana meli ya Ulaya ilikuwa haijaleta vingine, na mikebe miwili ya dawa ya mwanga. Mkebe mmoja una unga wa kijivu, wa pili una unga mweupe pe. Kila mmoja peke yake ni mpole. Ukizichanganya kwenye sinia la bati na kuwasha utambi, huwaka ghafla kama jua limefungua mlango na kuufunga. Msituni ni giza hata saa sita mchana, na kioo cha picha hakiioni rangi nyekundu kabisa. Ndege yule bila dawa hutoka mweusi kama kipande cha mkaa juu ya vijiti.

Lakini Bwana Menezi alinionya pale pale stesheni: "Huo mwanga ni mgeni. Mwenye nyumba ni mchana. Mgeni akija na kelele nyingi, mwenye nyumba haonekani tena. Robo kijiko, Hamisi. Wa kusaidia kivuli tu."

Nikasema nimesikia. Masikio yalikuwa yamesikia, kweli.

Mpaka Muheza nilikuwa na wenzangu tisa wa kuzungumza nao. Korogwe wakabaki wanne. Mombo akashuka wa mwisho, mzee muuza chumvi, akaniachia nusu ya mkate wake na kuniambia nisilale mdomo wazi. Baada ya hapo nilizungumza na nguzo ya behewa. Buiko reli ikakoma katikati ya vichaka, kama mtu aliyesahau alilotaka kusema.

Hapo nilikaa siku nne. Mjerumani alikuwa amemtuma mnyapara wake na wapagazi watatu waje kumpokea mpiga picha. Nikamngoja mnyapara. Mbu wa Buiko si mbu, ni kunguru waliokonda. Kila asubuhi nilikula maharage katika kibanda cha mama mmoja Mzigua, na kila asubuhi kando yangu alikaa mtu mmoja mrefu, kimya, naye akila maharage. Siku ya nne nikamuuliza anangoja nini.

"Nangoja mpiga picha kutoka Tanga," akasema.

"Ndiye mimi."

Akanitazama kuanzia kanzu mpaka viatu. "Nilidhani atakuwa na kofia."

Huyo ndiye Masanja, Mnyamwezi. Tulikuwa tumepigana mabega siku nne juu ya bakuli moja la pilipili.

Buiko hadi Moshi

Siku tisa kwa miguu, milima ya Pare ikiwa kulia kwetu muda wote, kana kwamba nayo inakwenda Moshi. Masanja na wapagazi walizungumza Kinyamwezi, walicheka Kinyamwezi, na wakinyamaza walinyamaza Kinyamwezi. Mimi, mtu wa baraza, ambaye mnasema nikiwa peke yangu chooni huwa nasalimiana na mlango, sikuwa na wa kumwambia hata kwamba jua ni kali. Siku ya tatu nilianza kuisalimu kamera. "Umeamkaje?" "Salama." Nilijijibu mwenyewe, kwa sauti nyembamba kidogo ili kuwe na tofauti.

Karibu na Same ndipo lilipozaliwa lile neno lililoniharibia safari. Tulifika kambini mchana, nikaenda kunawa. Niliporudi nikamkuta Masanja amechuchumaa mbele ya chungu, maji yanachemka, na mkebe wangu mweupe uko mkononi, kifuniko kimeshatoka.

"Masanja, baba, weka chini."

"Wetu umebaki kidogo," akasema. "Huu wako mweupe, mzuri. Tunasonga ugali."

"Si wa kula huo."

"Ulituambia nini kule Buiko? Ulisema, 'Bebeni polepole, huu ni unga wangu.' Unga ni unga. Au watu wa pwani mnakula peke yenu?"

Wapagazi wote watatu wakanitazama kwa macho ya watu walionyimwa. Nikaona maneno ya upole hayatafaa. Nikachota kidogo mkebe huu na kidogo mkebe ule, nikachanganya juu ya jiwe, nikawasha utambi. Vuu! Moshi mweupe ukapanda hata mawinguni, na kama mtasema haukufika mawinguni basi mngekuwapo. Mpagazi mmoja tulimpata baada ya nusu saa.

"Huo si unga wa ugali," nikasema. "Huo ni unga wa radi."

Masanja akaufunga mkebe taratibu, akaupangusa kwa nguo yake, akanipa kwa mikono miwili. Tangu hapo mikebe ilibebwa kama mtoto mchanga, nami nikajiona nimevumbua jina zuri.

Moshi hadi Arusha

Moshi kulikuwa na baridi ya kugandisha salamu. Unamwamkia mtu asubuhi, inamfikia adhuhuri. Tukapumzika siku moja, tukaendelea. Mto Kikafu ulikuwa umejaa. Mpagazi wa vioo akateleza katikati ya maji, akaanguka kwa goti moja, akainua sanduku juu ya kichwa kwa ushujaa mkubwa. Tulipolifungua upande wa pili chini ya kitambaa cheusi, kioo kimoja kilikuwa vipande saba. Vikabaki vitatu.  Yule mpagazi alikaa nyuma yangu siku nzima akikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kuomba radhi na hana lugha.

Arusha ni boma moja jeupe, maduka machache ya Wahindi, mifereji ya maji, na Mlima Meru umesimama nyuma ya kila kitu kama shahidi. Yule Mjerumani nilimkuta amelala kitini, mguu mmoja umefungwa na umewekwa juu ya kreti. Chumba kizima kilikuwa na ndege waliokaushwa, wamelazwa chali mistari mistari, kila mmoja na karatasi mguuni.

"Kufa, mimi iko nao mia mbili," akasema, akionyesha kwa fimbo. "Mimi taka hai. Hai, wewe nasikia? Mabwana Ulaya wanasema kiota cha kulukulu hakuna mtu ameona. Mimi nimeona. Lakini mguu." Akaupiga mguu wake kwa fimbo kama punda mvivu.

Akanichorea njia. Kiota kilikuwa Nkoaranga, kwenye bonde dogo nyuma ya shamba la mjane mmoja. Ndege walikuwa wawili, dume na jike, wanapokezana kulalia.

Nkoaranga

Tulipita Akheri asubuhi, migomba kulia, migomba kushoto, ukungu katikati. Njia za kule zinasimama wima. Nilikuwa naona visigino vya Masanja mbele ya pua yangu. Alinifikisha kwenye uzio wa yule mjane, akatua mizigo, akasema atarudi baada ya siku sita, akateremka na wenzake. Nilisikia kicheko chao kikishuka mlima kwa muda mrefu.

Mwenye shamba alitoka akiwa na kisu cha kukatia majani ya ng'ombe. Mama wa makamo, mwembamba, mkononi ana bangili ya waya wa shaba. Jina lake Mama Ndeshi. Nikamshangaa kwa jambo moja: alijibu salamu yangu kwa Kiswahili. Kifupi, cha kuokoteza, lakini Kiswahili. Baada ya karibu wiki mbili za kusalimiana na kamera, masikio yangu yalitaka kulia.

Basi nikajawa na furaha, nikajinyoosha, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye cheti: "Mama, mimi nimetoka Tanga. Nimekuja kumpiga ndege wako kwa radi."

Nilimaanisha kumpiga picha. Kwetu mtu akisema "nimekwenda kupigwa" mbele ya duka la Bwana Menezi, hakuna anayemtafutia mganga. Lakini yule mama hajapata kuona picha, na radi anaijua vizuri sana. Mlima Meru una radi za kupasua mti kama kuni. Akanitazama, akatazama mikebe, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikalala kwenye banda la mbuzi. Mbuzi mmoja aliniegemea, nikamshukuru.

Asubuhi akaja shemeji yake, mtu mnene mwenye upinde, na nyuma yake majirani watano. Mkononi alikuwa na kulukulu. Shingo imelegea, bawa moja limefunguka, na wekundu wake ulinichoma macho. Sijaona nguo ya arusi yenye rangi ile. Akamlaza mbele ya miguu yangu kwa heshima kabisa, akasema maneno mengi. Mama Ndeshi akafasiri akiwa mlangoni.

"Anasema, ulitaka ndege apigwe. Amekupigia. Sasa chukua, nenda. Usilete radi kwenye migomba yetu."

Rafiki zangu, mimi ni mtu wa kucheka. Siku ile nilikaa chini. Nilikuwa nimetembea kutoka Buiko nisiue ndege, na nimemuua kwa sentensi moja.

Nikaeleza tena, polepole. Hawakuamini. Mwisho nikachota unga kidogo sana, nikauwasha juu ya jiwe mbele yao wote, mchana kweupe. Ukatoa mwanga na moshi kama wa jiko. Majirani walirudi nyuma hatua moja. Mama Ndeshi hakurudi.

"Hiyo ndiyo radi yako?" akasema.

"Ndiyo, mama."

"Yai likikaangwa lina kelele zaidi."

Akasema kitu kwa Kimeru, shemeji akacheka mpaka upinde ukamwanguka. Wakaondoka. Mama Ndeshi akamchukua yule ndege aliyekufa, akamzika chini ya mgomba, akaniletea bakuli la loshoro, mahindi yaliyochemshwa yakachanganywa na maziwa ya mgando. Nilikula kama mfungwa. Akaketi mbele yangu.

"Tanga, unamjua Nderingo?"

"Nderingo nani, mama?"

"Mume wangu. Alikwenda kubeba mizigo ya pwani wakati reli haijafika Mombo. Hajarudi. Watu wanasema mimi mjane. Mimi sijasema."

Hapa sasa msinikatize. Mnanijua, mtu akiniuliza kama namjua fulani, ulimi wangu hutangulia. Na nilikuwa na njaa ya maneno kuliko ya loshoro, na nilitaka nikae, maana kule bondeni alikuwa amebaki ndege mmoja na mimi nilikuwa na vioo vitatu.

"Nderingo!" nikasema. "Nani Tanga asiyemjua Nderingo? Mtu mzito, ndevu hizi mpaka kifuani. Tunaonana kila Ijumaa."

 Akaniongeza loshoro. "Utalala jikoni," akasema. "Mbuzi atakuzoea vibaya."

Bondeni

Bonde lilikuwa na faida moja: mti ulitoka chini kabisa, na matawi yake yalifika usawa wa ukingo. Ukisimama juu ya njia, kiota kiko mbele ya pua yako, hatua nne tu, vijiti vichache vimetupwa kama vya njiwa. Juu yake amekaa kulukulu aliyebaki, doa jeupe mbele ya jicho. Nikajenga kibanda cha majani makavu ya migomba, nikaingia na kamera.

Nilikaa humo siku tatu kabla ya kugusa kioo, ili ndege anizoee. Ukungu uliingia asubuhi, ukatoka adhuhuri, ukarudi alasiri kama mtu aliyesahau mwavuli. Maji yalidondoka. Hakuna aliyepita. Niliwataja ninyi watatu kwa majina yenu, nikawajibia maswali, nikawashinda hoja zote. Hata hivyo nilipata upweke ambao sikujua kama nina mahali pa kuuweka. Ndege ananitazama, namtazama. Hakukohoa, sikukohoa.

Mama Ndeshi alikuja kila mchana na ndizi za kuchoma, na kila mara na ujumbe.

"Mwambie ng'ombe mwekundu alikufa."

"Nitamwambia."

Kesho yake: "Mwambie mgomba aliopanda mlangoni umeanguka. Machipukizi matatu yamesimama."

"Matatu. Nitamwambia Ijumaa."

Kila ujumbe uliingia tumboni mwangu pamoja na ndizi, ila ndizi ziliyeyuka.

Siku ya nne nilipiga kioo cha kwanza bila unga, nikihesabu moja mpaka tano. Kisha cha pili nikaona robo kijiko ni ubahili. Nilikuwa nimetoka mbali. Nikajaza kijiko. Mwanga ulitoka, mbuzi wa majirani wakalia mpaka Akheri, ndege akaruka, nami nikabaki bila nyusi. Alirudi baada ya muda mrefu, akakaa tena juu ya kiota.

Masanja alipokuja nikavipeleka vioo Arusha, mwendo wa kutwa, nikavisafisha katika stoo ya Mjerumani. Kioo cha kwanza: mkaa juu ya vijiti. Cha pili: ndege mweupe kama aliyetumbukia kwenye chokaa, hana unyoya hata mmoja, na nyuma yake msitu umekuwa usiku. Jicho halionekani. Yule Mjerumani akavitazama kwenye dirisha.

"Huyu iko kaburini," akasema juu ya cha kwanza. "Na huyu, mzimu yake."

Dawa zake za kusafishia zikawa zimekwisha. Akasema ataondoka na meli mwezi ule, ataipokea picha Tanga kama ipo. Nikapanda tena Nkoaranga na kioo kimoja.

Kioo cha mwisho

Njia nzima nilimsikia Bwana Menezi: mwenye nyumba ni mchana. Lakini robo kijiko ikiwaka upande mmoja hukata sura ya ndege katikati, upande mweupe na upande mweusi. Nilihitaji kitu cheupe kando ya sinia, kiurudishe mwanga kwa upole. Nikamwambia Mama Ndeshi. Akatoa sandukuni kipande cha merikani, kitambaa cheupe kipya, mkunjo wake haujafunguliwa.

"Alileta yeye safari ya kwanza," akasema. "Nilikuwa namngoja ndipo nishone."

"Kitaingia moshi, mama."

"Kitafuliwa."

Nikamfundisha. Yeye asimame kando ya kibanda, ashike merikani wazi, sinia liwe mbele yake. Mimi nifungue kamera, nihesabu mchana uingie, katikati ya hesabu niwashe utambi, nifunge. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umesimama. Ndege alikuwa juu ya kiota, manyoya yamelowa, amekonda.

"Ataruka tena," nikanong'ona.

"Haondoki," Mama Ndeshi akasema. "Siku ile alirudi mayai yamepoa. Sasa hata kula haendi mbali. Hana wa kumpokea."

 Wa kumpokea alikuwa chini ya mgomba.

Moja. Mbili. Tatu, nikawasha. Mwanga ukaja mdogo, wa upole, kama mtu amepitisha taa mlangoni. Nne. Nikafunga. Ndege aligeuza kichwa kidogo tu, akatulia. Moshi ukapita kati yetu wote watatu ukaenda zake.

Nikakaa chini na kile kioo kifuani, na maneno yakanitoka yenyewe.

"Mama Ndeshi, Nderingo simjui. Sijamwona hata siku moja."

Alikuwa anakunja merikani, pembe kwa pembe. "Najua. Mume wangu hana ndevu. Kidevu chake ni kama yai."

"Tangu lini umejua?"

"Ulipofungua mdomo."

"Na ulinipa loshoro. Umenishikia kitambaa."

"Watu wa pwani wote wanamjua," akasema. "Mmoja alisema ni mrefu, mmoja alisema ana kovu. Asiyemjua anaondoka. Anayemjua anakaa, anakula, anamtaja." Akaipangusa bangili majivu ya unga. "Hapa hakuna anayemtaja. Wewe umemtaja sana. Ulipiga kelele naye siku nyingi."

Nikamuuliza, safari hii kwa kweli, alikuwaje. Akaniambia. Mfupi, mabega mapana, anaimba akipanda mlima ingawa pumzi haimtoshi. Bangili ile aliitengeneza yeye kwa waya wa mzigo uliokatika. Hakuwa na koleo, kwa hiyo ncha moja ilipinda kama ndoana na haijanyooka mpaka leo. Niliandika yote nyuma ya cheti changu. Ndiyo, nilikwenda nacho, chekeni.

Kurudi

Siku kumi na mbili kwa miguu na moja kwa gari la moshi, na kioo kimefungwa ndani ya blanketi, sijui kina nini. Kikafu nilikibeba mwenyewe kichwani. Masanja alinitania: "Umeoa, Bwana Kioo?" Lakini Same, wapagazi walipokaa kula, alinisogezea bakuli na kuniambia habari za mama yake huko Tabora, kwa Kiswahili, kirefu. Buiko tuliagana. Akanishika mkono kwa mikono miwili, kama alivyoushika ule mkebe.

Chumba cha giza

Bwana Menezi alikitia kioo kwenye dawa mwenyewe, mimi nikitikisa beseni chini ya taa nyekundu. Kwanza vikatoka vijiti. Kisha kifua, unyoya kwa unyoya, umande juu yake. Kisha msitu wa nyuma, majani ya mbali na ukungu kati yake. Mwenye nyumba alikuwapo. Mwisho likatoka jicho, na ndani ya jicho nukta moja ndogo ya mwanga.

Kifua cha Bwana Menezi kilikuwa kinapiga filimbi. "Kesho nitanunua mtu mwingine wa ndoo," akasema. Nimeandika "nitanunua" kwa sababu ndivyo alivyosema. Kiswahili chake nacho kina kifua.

Kisha akainama. "Na hiki nini hapa pembeni?"

Ulikuwa mkono. Umeingia kutoka kulia, umeshika ncha ya merikani, na kwa kuwa ulikuwa karibu na sinia umewaka kuliko ndege. Vidole vinne, kucha zenye udongo, na bangili, ncha yake imepinda kama ndoana.

Mjerumani alipopita kwenda melini alifurahi akasahau mguu wake. "Mkono kata," akasema. Tukakata kwenye karatasi yake, akaenda na ndege Ulaya. Kioo hatukukata. Nimechapa nyingine nzima nzima, ya kwanza niliyoipiga mimi, ipo dirishani mwa duka upande wa barabara ya bandarini. Watu wanasimama, wananiuliza kama tunauza bangili.

Sasa ninyi watatu. Mmoja yuko forodhani, mmoja yuko stesheni, mmoja anawajua wenye vibanda vyote vya kahawa. Katika haya niliyoandika, mbu wa Buiko wapunguzeni, moshi wa Same ushusheni kutoka mawinguni, baridi ya Moshi ikateni nusu. Lakini mkimwona mtu wa Meru, mfupi, mabega mapana, kidevu kama yai, anayeimba akiwa na mzigo na pumzi haimtoshi, msimwambie mnamjua. Mleteni dirishani tu, mwacheni atazame pembeni mwa picha. Na mwambieni machipukizi ni matatu.